Bakuli Linalotoka Jasho

Lisemwalo lipo. Na hili lilikuwa limeshasemwa saluni, kwenye duka la mikate na kwenye foleni ya duka la dawa kabla halijamfikia Zoraida: kwamba huko Sweetwater, kwa mwanamke mmoja aliyefika juzijuzi kutoka Cuba, kuna bakuli la supu linalotoka jasho. Bakuli la kauri, la buluu, lenye kifuniko. Linatoka jasho mchana kweupe, na ukigusa ukalamba kidole, ni chumvi.

Zoraida alilisikia siku ya Jumatano, amesimama kwenye kidirisha cha kahawa karibu na kiwanda cha mapazia anakoshona, pale Hialeah, mji uliojaa Wacuba waliohamia. Aliyelileta ni Nélida, mwenyekiti wa chama cha akina mama wa parokia, mwanamke ambaye habari hazimpiti bila kumsalimia.

"Na unajua amelipata wapi?" Nélida alisema, huku akipuliza kikombe chake kidogo. "Kwenye mnada wetu. Wetu, Zoraida. Katikati ya sahani na mashuka. Sasa mimi najiuliza, ni nani kati yetu aliyeleta mambo ya mawe na mizimu kwenye ukumbi wa Padri?"

"Watu wanapenda kuzua."

"Kuzua wanazua. Lakini bakuli lipo, watu wameenda kuliona kwa macho yao."

Mshonaji mmoja akasema labda bakuli linataka feni, na wote wakacheka. Zoraida naye alicheka, ila alichelewa kidogo, na Nélida akamtazama. Siku hiyo alishona mapazia mawili ndani nje. Msimamizi aliyaleta mezani kwake bila neno, akayaweka, akaondoka, na hilo lilimuuma kuliko matusi. Miaka kumi na moja kiwandani hajawahi kurudishiwa pazia.

Uvumi huo ulimganda kama upupu. Alipokuwa akifumua uzi, ulikuwapo. Alipokuwa akiosha mchele jioni, ulikuwapo. Maana swali la Nélida lilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa yeye. Bakuli lile ni la mama mkwe wake, na yeye Zoraida ndiye aliyelipeleka mnadani kwa mikono yake miwili.

*

Ilikuwa hivi. Mama mkwe, Bibiana, mwenye miaka themanini na minne, alianguka bafuni akavunjika nyonga. Walimpasua, wakamwekea chuma, wakamhamishia kwenye nyumba ya kuwauguzia wazee ajifunze upya kutembea. Wiki ileile zamu ya kumpokea Bikira iliangukia nyumba ya Zoraida. Sanamu ya Bikira wa El Cobre, msimamizi wa Wacuba, huzunguka nyumba kwa nyumba, na akina mama wa chama hufuatana nayo na rozari zao na macho yao.

Chumba cha Bibiana kinatazamana na sebule, na mlango wake haufungi vizuri. Miaka yote Zoraida amewaambia wenzake wa parokia kwamba mle ndani ni chumba cha cherehani. Cherehani haikuwamo. Mlikuwamo rafu, juu ya rafu kitambaa cha buluu na nyeupe, juu ya kitambaa bakuli, na mbele ya bakuli kipande cha tikiti maji. Ndani ya bakuli yamo mawe saba ya Yemayá, mwenye bahari, yule ambaye ukienda kanisani utamkuta amevaa sura ya Bikira wa Regla. Bibiana alikuja nayo kutoka Cuba mwaka wa themanini, ameyafunga tumboni chini ya gauni, na askari wa bandarini walimpisha wakidhani ni mjamzito.

Aibu ya rozari peke yake Zoraida angeimeza, kama alivyoimeza miaka yote. Kilichomfikisha mwisho ni mtoto. Binti yake Yaneisy, mwenye miaka kumi na sita, mwaka huo alianza kukaa mle chumbani na bibi yake. Mara ameota bahari. Mara bibi amempeleka kwa mzee mmoja wa dini hiyo, na mzee amesema kichwa cha msichana ni cha mwenye bahari, na siku moja atavishwa taji, yaani kuwekwa wakfu kwake. Msichana alirudi na habari hiyo uso unang'aa kama aliyefaulu mtihani. Zoraida hakuona taji. Aliona kichwa cha mwanawe kimenyolewa. Aliona mwaka mzima wa nguo nyeupe, mwaka mzima wa kula mkekani na kutopigwa picha, na wenzake shuleni wakimnyooshea vidole. Mama gani atalala?

Basi asubuhi kabla ya ujio wa Bikira aliingia chumbani, akaliondoa bakuli. Na hapa ndipo penye jambo. Zoraida siku zote alisema mle ndani ni mawe tu ya mtoni na ukaidi wa mzee. Lakini kifuniko hakukifungua. Mkono ulikataa. Alichukua utepe mpana wa kijivu, ule wa kufungia maboksi, akalizungusha bakuli mara tatu kifuniko kisije kikafunguka njiani, akalifunga gazeti, akalitia kwenye boksi pamoja na sahani za Krismasi. Lilikuwa zito kuliko ukubwa wake. Alilibeba hadi ukumbi wa parokia kama mtu anayembeba mtoto wa watu aliyelala.

Mumewe Osvaldo, dereva wa lori la kokoto, aliambiwa limehifadhiwa mahali salama. Osvaldo hakuuliza ni wapi. "Mambo ya mama mimi simo," alisema, kama anavyosema kuhusu kila kitu kinachoweza kumgombanisha na mmoja wa wanawake wake wawili. Yaneisy naye aliambiwa bakuli liko kwa fundi kwa sababu lilikuwa na ufa, na msichana akamwangalia mama yake muda mrefu.

Na kila siku saa kumi Bibiana alipiga simu kutoka kwa wauguzi. Aliuliza habari za mwanawe, za mjukuu, za bili ya umeme. Kisha, kabla hajaaga, alimwulizia yule wa bakulini: "Umembadilishia maji?" Na kila siku Zoraida alijibu, "Nimembadilishia, Mama."

Wiki tatu hivyo. Na sasa daktari alikuwa ameandika ruhusa. Bibiana anarudi nyumbani Jumamosi.

*

Alhamisi aliomba ruhusa ya saa mbili kazini, akaenda Sweetwater. Kuifikia nyumba hakukuwa na taabu, uvumi wenyewe ulikuwa na anwani. Mwanamke aliyelinunua anaitwa Maidelín. Alikuwa amepanga chumba cha nyuma kwenye kiwanja cha watu, chumba kimoja chenye jiko la umeme la plati mbili na kitanda cha kukunja. Alikuwa na miaka kama thelathini na mitano, kilemba cheupe kichwani, mikono imechubuka kwa dawa za kusafishia ofisi.

Kona nzuri kuliko zote, ile yenye dirisha, ilikuwa ya bakuli. Maidelín alikuwa amelitandikia taulo jipya la buluu. Utepe haukuwapo.

Na lilikuwa likitoka jasho. Zoraida aliliona kabla hajaambiwa akae. Matone yalijikusanya chini ya ukingo wa kifuniko, yakanenepa, moja likachuruzika taratibu kwenye tumbo la kauri na kunywewa na taulo. Aliangaza ukutani kutafuta mashine ya kupoza hewa. Haikuwapo. Dirisha lilikuwa wazi, na feni iliyokuwa chini imekatika waya.

"Karibu, mama," Maidelín alisema. "Umekuja kuangalia, au umekuja kuomba?"

"Nimekuja kununua."

"Mimi nilinunua kwa dola kumi na tano. Wewe utatoa ngapi?"

"Mia tatu."

Maidelín aliketi kitandani. Alimtazama mgeni wake kuanzia viatu hadi nywele, bila hasira, kama mtu anayesoma barua. "Hakuna anayetoa mia tatu kwa bakuli la supu," alisema. "Kwa hiyo ni wewe uliyelifunga utepe."

Maidelín akamweleza kwamba kuutoa ule utepe kulimchukua mchana mzima, maana kwa kila kipande alichobandua aliomba radhi. Akamweleza na mengine. Alivishwa taji la Yemayá akiwa na miaka tisa, kwao Regla, na mawe yake mwenyewe alitoka nayo Cuba kwenye mfuko wa unga. Aliyapitisha msituni, akayapitisha nchi saba, mengine kwa basi, mengi kwa miguu. Walipofika mto wa mwisho, wa mpakani, kiongozi wa safari aliwaambia watupe kila kizito. Yeye alikataa. Yule mwanamume akamnyang'anya mfuko, akautosa. Maidelín alivuka akiwa mwepesi, na tangu siku ile, alisema, alikuwa akitembea kama nyumba iliyohamwa. Siku ya mnada alikwenda parokiani kutafuta blanketi. Akanyanyua boksi la sahani ili apishe njia, akasikia uzito. Uzito ule aliujua.

"Sikuuzii," alisema. "Wala sikupi. Si kwamba nakunyima, dada. Ila wewe huna mikono ya kumpokelea. Kama mwenyewe yu hai, na aje. Akisema neno moja tu, nitambeba kwa miguu mpaka Hialeah."

"Ni mzee. Nyonga imevunjika. Anatoka keshokutwa."

"Basi mwambie apige simu."

Zoraida alitazama mikono yake. "Hajui," alisema.

Maidelín alifuata kwa macho tone jingine lililoshuka. "Hajui," alirudia. "Basi huo ndio mzigo wako. Wangu nilitosewa mtoni, lakini wako hakuna wa kukutosea."

*

Ijumaa Zoraida alikwenda kwa wauguzi na supu ya kuku aliyoipika alfajiri. Alimkuta Bibiana ukumbini kwenye kiti cha magurudumu, anacheza dhumna na wazee watatu wanaume na anawafunga.

"Tazameni sura ya mkwe wangu," Bibiana aliwaambia. "Hii ni sura ya mtu aliyegonga gari la watu akakimbia." Wazee wakacheka. Alipanga dhumna zake kifudifudi, akataka asukumwe hadi kwenye varanda, pasipo na watu.

Zoraida alikuwa amejipangia maneno njiani. Yote yalimpotea. Alisema tu kwamba bakuli halipo nyumbani, kwamba alilipeleka kwenye mnada wa parokia, kwamba liko Sweetwater kwa mwanamke fulani, na kwamba linatoka jasho. Alisema haya akiitazama supu.

Bibiana hakushtuka. "Nilijua," alisema.

"Nani alikwambia?"

"Wewe. Kila siku nakuuliza umembadilishia maji, na kila siku unaniambia umembadilishia. Hakuna hata siku moja uliyoniuliza, maji gani."

Zoraida akainua uso.

"Yule hawekewi maji ya bomba, mwanangu. Anawekewa maji ya bahari. Osvaldo huniletea galoni kutoka ufukweni, naficha chini ya kitanda. Siku ya kwanza uliyoniambia umebadilisha bila kuuliza, nikajua huyu hajakanyaga chumbani kwangu, au amekanyaga vibaya. Siku ya nne nikajua ni vibaya."

"Na bado ukawa unauliza."

"Nilikuwa nangoja uone haya mwenyewe. Haya ya kupewa haikai, inabanduka." Bibiana alionja supu, akasema imepungua chumvi. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, kijiko kikiwa bado mkononi: "Ulifungua?"

"Hapana, Mama."

"Uliogopa."

"Niliogopa."

"Hiyo ndiyo dini uliyo nayo. Si haba." Akaweka kijiko. "Sasa sikiliza. Kesho nikitoka hapa siendi nyumbani. Mtanipeleka Sweetwater, nyote. Na mtoto umwambie leo, kwa mdomo wako, asije akaambiwa na ukuta. Halafu ununue nazi. Kavu. Uitikise sikioni, uchukue ile inayolia maji."

Yaneisy aliambiwa jikoni jioni hiyo. Hakulia, hakupaza sauti, na Zoraida angependa kupigiwa kelele. Msichana aliuliza jambo moja tu, kama ni kwa sababu yake, na mama yake akasema ndiyo. Akainuka, akaingia chumbani kwa bibi yake, akakaa sakafuni mbele ya rafu tupu, mlango ukiwa wazi. Wageni wote wa dunia wangeweza kumwona, na Zoraida hakwenda kuufunga.

*

Jumamosi, saa tano asubuhi, Osvaldo alimbeba mama yake kutoka kwenye gari kama anavyobebwa bibi harusi, akamweka kwenye kiti cha magurudumu mlangoni pa Maidelín. Zoraida alikuwa nyuma na nazi kwenye mfuko wa plastiki. Alikuwa ametikisa nazi kumi na mbili sokoni, watu wakimtazama.

Maidelín alipomwona mzee, hakusalimia kwa maneno. Alijilaza kwenye saruji. Aliegemea kiwiko cha upande mmoja, kisha cha upande wa pili, kama wafanyavyo watoto wa Yemayá mbele ya aliyewatangulia, na Bibiana akainama kadiri chuma cha nyonga kilivyomruhusu, akamgusa mabega kwa ncha za vidole, akamwinua. Hawa wawili walikuwa hawajawahi kuonana. Zoraida alihisi kama aliyefungua mlango wa nyumba yake mwenyewe akakuta ukumbi ambao hakujua upo.

Bibiana alisogezwa hadi kwenye kona. Hakuweza kulala chini kulisalimia bakuli, akagusa sakafu kwa vidole na kuvibusu. Kisha akakaa analitazama. Bakuli lilikuwa limelowa lote, linameta, taulo chini yake limegeuka rangi. Osvaldo, yule asiyekuwamo kwenye mambo ya mama yake, alivua kofia.

"Ulimpa nini?" Bibiana aliuliza.

"Tikiti, Mama. Na asali ya miwa. Maji huyafuata ufukweni kwa basi, siku nisiyo na kazi."

"Mabasi mangapi?"

"Matatu kwenda."

Bibiana akatikisa kichwa pole pole.

Osvaldo alivunja nazi nje kwa nyundo akiwa ameishika mkononi, maana haipigwi chini. Bibiana alichonga vipande vinne kwa kisu kidogo, kila kimoja na upande wake mweupe na upande wake wa kahawia. Alimwaga maji kidogo sakafuni mara tatu, akawataja waliokufa wa kwao, mmoja mmoja, na orodha ilikuwa ndefu, wengine wamezikwa kule na wengine hapa na wengine baharini katikati. Kisha akamwuliza Yemayá kwa lugha ya kila siku, kama anavyouliza habari za bili.

"Unarudi na mimi nyumbani?"

Akavitupa. Vipande vikagonga saruji, vikatulia. Kimoja cheupe, vitatu vya kahawia.

Hata mtoto mdogo wa Hialeah anajua maana yake. Hapana.

"Mama, tupa tena," Osvaldo alisema.

"Nitupe mpaka aseme ninachotaka? Huyu si karani wa manispaa." Lakini midomo yake ilikuwa imepauka. Aliokota vipande kimoja baada ya kingine, mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. "Unabaki hapa, kwa huyu?"

Viwili vyeupe, viwili vya kahawia, vimekaa sawasawa kana kwamba vimepangwa na mtu. Jibu hilo halirudiwi. Ni ndiyo iliyofungwa kufuli.

Maidelín alijifunika uso kwa viganja. Bibiana alibaki ameinamia sakafu. Miaka arobaini na miwili kwenye nchi hii amemlisha, na ishirini kabla yake kule. Amempitisha mbele ya bunduki tumboni mwake. Chozi moja lilimtoka, likafuata mkunjo wa shavu, likaning'inia kidevuni, na Zoraida akaona limeshuka taratibu vilevile kama lile tone la Alhamisi kwenye kauri.

Alipiga magoti pale pale, kwenye saruji ya watu, na gauni lake la kanisani.

"Ni mimi," alisema. "Ananikataa mimi. Mama, mwambie nitaondoka. Nitapanga chumba, nitakaa kwa dada yangu Tampa, popote. Mwambie arudi nyumbani kwako na mimi sitakuwamo."

Osvaldo alitaka kumwinua, Bibiana akamzuia kwa mkono.

"Usijipe ukubwa," alimwambia mkwewe. "Tumuulize." Akavishika vipande vinne kifuani. "Unaondoka kwa sababu ya kosa la huyu mwanamke?"

Vipande vikaruka. Kimoja kilizunguka kwa ukingo wake kama sarafu, kikachukua muda wake, wote watano wakakitazama. Kikaanguka upande wa kahawia, kikawafuata wenzake wawili. Kimoja tu kilikuwa cheupe.

Hapana.

Zoraida alitazama vipande, akamtazama mama mkwe. "Kwa hiyo mimi nilifanya nini?"

"Ulibeba."

"Nilitupa, Mama. Nilikuwa namtupa."

"Ulidhani. Ulimtoa kwenye nyumba ya mtu anayekaribia kufa, ukamfikisha kwa mtu aliyetosewa wa kwake mtoni. Muulize mumeo, lori haliulizwi kama linaipenda kokoto. Linafika." Bibiana alifuta kidevu kwa nyuma ya mkono. "Lakini ule uongo wa maji, siku ishirini na moja, ule ni wako. Huo hakuna aliyekutuma."

"Ni wangu," Zoraida alisema.

"Basi inuka, unaharibu gauni."

Hakuinuka mara moja. Alikuwa na woga, ila si ule aliouzoea, woga wa watu watasema nini. Huu ulikuwa mkubwa na mtulivu, kama wa mtu aliyesimama ufukweni akihisi mchanga unaondoka chini ya nyayo. Wiki tatu alijiona mwizi, na kabla ya hapo alijiona mlinzi, na kumbe katika yote mawili palikuwa na mkono juu ya mkono wake.

Maidelín ndiye aliyeuliza, kwa unyonge, mzee atabaki na nini sasa. Bibiana akamjibu kwamba mawe yamehama lakini kichwa chake kilichovishwa taji hakijahama, na hajaona bado mnada wa kuuza vichwa. Akamwagiza aje kila mwezi Hialeah afundishwe yale ambayo msitu haukumpa muda wa kujifunza. Aje mlango wa mbele, alisema, mchana, hata kama Bikira na wanawake wake wako sebuleni.

"Bibi," Yaneisy alisema. Alikuwa amesimama mlangoni muda wote. "Na mimi?"

"Wewe nini?"

"Walisema litakuwa langu."

"Walisema kichwa chako ni chake. Hawakusema bakuli. Bahari ile pale haijaenda popote, ikikutaka inajua unakoishi. Usiwe na haraka ya kuitwa."

Msichana alimeza hilo. Kisha akamgeukia Maidelín, akamwuliza kama anaweza kumsaidia kuleta maji Jumamosi, kwa kuwa mabasi matatu ni mengi.

Maidelín hakumtazama msichana, wala hakumtazama mzee. Alimtazama Zoraida. Wote wakamtazama. Na Zoraida alihisi majibu yake yote ya zamani yakimpanda kooni, yamepangwa foleni: masomo, Nélida, kichwa kilichonyolewa, watu. Alimwangalia mwanawe, mikono yake mirefu, kichwa chake chenye nywele zake zote, na kwa mara ya kwanza akakiona kichwa kile kuwa ni cha mtu mwenye nafsi yake.

"Galoni ya maji ni nzito," alisema. "Hawezi kuipandisha basini. Nitamleta mimi."

*

Kwa kila mama mwenye mzee na mtoto chini ya paa moja, mambo ya kuepuka ni haya:

Usiguse rafu ya mzee akiwa hospitalini.

Usikifunge kwa utepe kitu unachoogopa kukifungua. Woga huo ukuambie kitu.

Usipeleke chombo mnadani bila idhini ya mwenyewe, hata kama fedha ni za kanisa.

Usiwaambie wageni kwamba chumba cha mkweo ni cha cherehani.

Usiseme "nimefanya" kwa jambo usilolijua linavyofanywa.

Usitangulize pesa mahali panapotakiwa radhi.

Usimwache mtoto aambiwe na wengine kosa ulilomfanyia.

Usitupe nazi mara ya pili kwa swali lililokwisha kujibiwa.

Usijibu kwa niaba ya kichwa ambacho si chako, hata kama ulikizaa.